Bado Hakijakauka

Mama Redio anasema mwanga ndio ulioingia kwanza, askari wakafuata.

Anasema mwanga ulipita dirisha la juu la Ikulu, ukateleza ukutani, ukalala juu ya maji. Askari walipovunja mlango wa bafu wakamkuta Rais wa nchi amepiga magoti kando ya beseni la kuogea kama mama anayefua nepi, mikono imelowa hadi viwikoni, anachuna jalada la kitabu. Na si kitabu cha mtu mwingine, ni chake mwenyewe. Beseni zima lilijaa vitabu vyake, vinaelea matumbo juu kama samaki waliotiliwa sumu, na yeye anachuna, anachungulia, anatupa. Anachuna, anachungulia, anatupa. Mkuu wa askari akamwambia, "Mzee, twende." Naye, anaapa Mama Redio, hata hakugeuka. Alisema, "Ngojeni kidogo. Kimebaki kimoja."

Mama Redio hakuwapo. Mama Redio anauza sabuni nyumba ya pili kutoka karakana ya kujalidi vitabu, na Ikulu ameiona ukuta wake tu, tena kwa mbali. Lakini mtaa haukumpa jina hilo bure: haishiwi betri. Na lisemwalo lipo. Kama halipo, laja. Wateja walicheka mpaka wakashikana mabega. Binti wa mjalidi, aliyekwenda kununua kipande kimoja cha sabuni, hakucheka. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyejua yule mtu alikuwa akitafuta nini ndani ya majalada, na nani aliyemfundisha kukitafuta.

Karakana ya baba yake ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha moja dogo. Saa tatu asubuhi jua hufika dirishani, na likifika, vumbi la karatasi huamka. Si vumbi la barabarani, lile lenye kiburi, linaloondoka na kila gari. Hili ni jeupe, jepesi, la ukingo wa kitabu kilichokatwa. Hupanda katika mwale wa jua, huzunguka, hushuka, halina haraka, halina pa kwenda. "Hayo," baba yake alizoea kusema, "ni maneno ya waandishi wasiojua kuacha nafasi pembeni."

Kunja, shona, bana, kata, bandika. Hiyo ndiyo kazi, na huo ndio wimbo aliokuzwa nao binti. Kunja, shona, bana, kata, bandika. Daftari za hospitali, rejista za shule, vitabu vya sala vilivyovunjika mgongo. Yeye hakuvuka shule ya msingi. Alikunja karatasi nyingi kuliko alizosoma, lakini mkono unaokunja nao una macho, na macho yake yalikuwa na subira.

Sasa sikiliza siri ya jalada, maana bila hiyo hutaelewa kilio.

Fundi maskini hanunui kadibodi. Huchukua karatasi chakavu, hubandika moja juu ya moja, kumi, kumi na mbili, hubana kwa jiliwa siku mbili. Zikitoka ni ngumu kama ubao, ukigonga zinaitika. Ndani ya jalada la kila kitabu, basi, mmelala karatasi nyingine ambazo hakuna azisomaye. Na gundi ni mbili. Iko ya mifupa, nyeusi, inanuka, ikishika imeshika, haiogopi maji. Na iko ya unga, nyeupe, pole kama uji wa mgonjwa. Hiyo ukiilowesha tu, inasahau iliahidi nini.

Kwa gundi hiyo ya unga baba yake alimficha Mwandishi.

Alikuja mara ya kwanza akiwa na viatu vya mtu mwingine, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Vitabu vyake vilikwisha chomwa uwanjani. Jina lake ukilitaja sokoni, muuzaji alikurudishia hela zako. Aliketi kwenye gunia la vipande vya karatasi, akamwambia baba, "Fundi, nina maneno lakini sina pa kuyalaza." Baba alivuta kurasa zile, akazihesabu kwa kidole, kumi na mbili, akamgeukia binti, wakati huo mtoto wa miaka minane, akamwambia, "Koroga."

Basi akakoroga. Alikoroga unga wa nyumbani, kwa maana haukuwapo mwingine. Mama akiingia aliuliza, "Leo tunakula au tunabandika?" na baba alijibu, "Leo tunakula jalada, mke wangu, lina maneno ndani, litashibisha." Wakacheka. Walicheka sana siku zile, njaa na yote.

Rejista zilitoka pale kwa mamia, zimejaa mistari mitupu kwa mwanafunzi na hotuba za moto kwa anayejua. Alama ilikuwa uzi. Kitabu kitupu kilishonwa kwa uzi mweupe. Kitabu chenye kitu kilishonwa kwa uzi mwekundu, na uzi mwekundu ulisema: niloweshe. Watu walilowesha. Walitumbukiza majalada kwenye ndoo, wakachuna, wakazianika kurasa kwenye kamba za nguo katikati ya mashuka. Askari alipita chini yake asijue kwamba juu ya kofia yake serikali inaanguka, inadondoka matone.

Na Mwandishi alikuwa na tabia yake. Kila kitabu alichopewa, kabla ya kukifungua alilamba kidole gumba, akakibonyeza kwenye kona ya jalada, akangoja. Kona ikilegea, alitabasamu. Halafu akalamba kile kidole tena.

"Unga wa leo umeungua, binti," alisema siku moja.

"Uliwahi kutuletea mwingine?" mama akadakia kutoka mlangoni.

Alicheka mpaka machozi. Akamvuta binti karibu, mkono wake una wino, akasema mbele ya baba na mama, "Siku tukishinda, huyu anarudi shule. Nimesema mimi." Na binti aliyaamini yale maneno, kwa nini asiyaamini? Alikuwa ameyabandika kwa mikono yake.

Wakashinda.

Nani atakisimulia kile kishindo? Barabara zilijaa kabla ya kupambazuka. Watu walitembea na rejista vichwani, zenye uzi mwekundu, kama watu wanaotoka kisimani. Mlango wa gereza ulifunguliwa kwa mikono, mikono mingi, na Mwandishi, waliyekuwa wamemfunga humo, alipotoka walimbeba, hakukanyaga chini hadi Ikulu. Baba alipanda juu ya meza ya karakana, mtu mzima na mvi zake, akacheza peke yake, vumbi la karatasi likamzunguka kama moshi wa furaha.

Mwezi haukuisha, magari meusi yakaja mtaani. Mama Redio alisahau hata kusema. Mwandishi, sasa Mheshimiwa Rais, aliteremka na viatu vyake mwenyewe, vyote saizi moja, akamkumbatia baba mbele ya walinzi. "Fundi," akasema, "mimi ni kitabu ulichokijalidi wewe." Baba akalia. Mama akalia. Binti alitazama kidole gumba cha Mheshimiwa. Kilikuwa kisafi, hakina wino.

Habari za shule hakuzitaja. Pengine alisahau. Mwenye nchi ana mengi.

Jua halitui kwa mshindo. Linatua kidogo, unasema ni wingu. Linatua tena, unasema ni macho yangu. Halafu unanyoosha mkono huoni vidole. Mwaka wa pili, gazeti moja lilifungwa. Wakasema lilikuwa la waongo. Mwaka wa tatu, mwalimu wa shule ya jioni aliitwa kwenda kujibu maswali, na mpaka leo yuko anajibu. Mwaka wa nne watu waliacha kusema "amekamatwa". Walisema "amesafiri". Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, watu wakawa na safari nyingi, na mizigo yao yote imebaki nyumbani.

Mwaka wa tano mke wa mwalimu aliingia karakana akiwa na rejista mkononi, ya kurekebishwa mgongo. Alipoifungua, katikati zilikuwamo kurasa nne za mwandiko mdogo. Majina matupu. Jina, siku, mahali alipochukuliwa. Jina, siku, mahali. Hapakuwa na hotuba wala moto.

"Fundi," alisema, "nina majina lakini sina pa kuyalaza."

Baba akazihesabu kurasa zile kwa kidole, nne. Vumbi lilipanda, likashuka. Kisha akamgeukia binti, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, akamwambia neno alilomwambia zamani. "Koroga."

Na ni hapa, msomaji, baba alipokosea, kosa ambalo hawezi kulikosea mtu mwingine ila fundi anayependa kazi yake. Karakana ilikuwa imepewa kazi kubwa ya Ikulu: maandishi yote ya Mheshimiwa, kitabu kimoja kinene, nakala mia tano za kujalidiwa kwa mkono. Arobaini zilikuwa zawadi za wageni wa nchi za nje. Zingevuka mpaka ndani ya mikoba ya mabalozi, zimefungwa utepe wa serikali, na hakuna forodha ambayo ingezigusa. Baba akayanakili yale majina mara arobaini, usiku kucha na mchana kutwa, yeye na binti, mama akikoroga gundi, akayalaza ndani ya majalada ya hizo arobaini. Gundi ya unga. Uzi mwekundu.

"Baba," binti alisema, "ndani ya kitabu chake mwenyewe?"

"Hapo hapo. Nani atapekua nyumba ya mwenye mtaa?" Akacheka, akapiga uti wa kitabu kofi kama anayempiga rafiki mgongoni. "Tena maneno yake ya zamani na majina haya ni ndugu. Yatalala vizuri pamoja."

Alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo linaloumiza. Alidhani anamkumbusha.

Nakala ya Mheshimiwa mwenyewe ilikuwa tayari juu ya rafu, peke yake. Uzi mweupe, gundi ya mifupa, tupu kama dhamiri ya mtoto.

Siku ile baba alikwenda kununua ngozi. Mama alikuwa kisimani. Mwanga ulikuwa umefika mezani. Bwana wa itifaki akaingia na suti yake, akashika pua kwa sababu ya gundi, akasema amekuja kuchukua kitabu cha mkubwa. Binti akamnyooshea kile cha rafuni. Bwana akakigeuza, akakunja uso.

"Hiki mbona kimepauka?" Jicho lake likatembea, likatua kwenye bunda la wageni. "Aa! Kumbe vizuri mmeviweka kule. Uzi mwekundu. Ndiyo heshima hiyo. Nipe kimoja cha vile."

"Hivyo ni vya wageni, bwana."

"Mgeni apewe kizuri kuliko mwenye nyumba? Binti, wewe umelelewa wapi?"

Akangoja, mkono umenyooshwa.

Maneno mawili tu yangetosha. *Bado hakijakauka.* Maneno mawili ya kazi, ya kila siku, aliyokuwa akiwaambia wateja toka utotoni: bado hakijakauka, rudi kesho, bado hakijakauka, kitajikunja. Nani angebishana na gundi? Suti ile ingeogopa kuchafuka, ingeondoka. Maneno mawili. Yalikuwa kinywani, yalikuwa nyuma ya meno. Lakini alikuwa na miaka kumi na saba, na mkono wa serikali ulikuwa umenyooshwa mbele yake, na alilelewa, ndiyo, alilelewa vizuri, alifundishwa kwamba mkubwa akinyoosha mkono unampa.

Akampa, kwa mikono yote miwili. Akapiga na goti.

Alipogeuka kutazama bunda, vilibaki thelathini na tisa. Akakiona kile kidole gumba kikilambwa, mbali kule, kwenye chumba asichowahi kukiona. Akakiona kikibonyeza kona. Akakiona kikingoja.

Ile jioni baba aliporudi na ngozi yake begani, akipiga mluzi, hakumwambia. Alisema atamwambia wakila. Walipokula, akasema atamwambia asubuhi. Asubuhi, mwanga ulifika dirishani na vumbi likaamka na baba akaanza kuimba kunja, shona, bana, na yeye akasema, ngoja amalize kushona hiki. Siku tatu aliyabeba yale maneno kama mtu aliyebeba maji ya moto bila kitambaa. Siku tatu zingetosha mtu kuvuka mpaka.

Wakaja mchana wa jua kali, watu wawili wenye adabu zao. Walisalimu. Mmoja akachukua kitabu kutoka kwenye bunda, akalamba kidole gumba, akabonyeza kona, akangoja.

Baba alimtazama yule mtu, kisha akalitazama bunda. Fundi hajui kuhesabu kwa mdomo. Anahesabu kwa urefu. Aliona limepungua unene wa kitabu kimoja. Akainua macho polepole, yakaja, yakasimama kwa binti yake.

Hakuuliza. Laiti angeuliza.

"Zima jiko," alisema. "Gundi itaungua."

Akavaa shati la kutokea. Akatoka nao. Vumbi likamfuata hadi kizingitini, likarudi.

Baada ya hapo nchi nzima ikajifunza kulamba kidole. Polisi walilamba, wakaguzi wa shule walilamba, mke alikikuta kitabu cha mumewe kina alama ya mate. Maana alikuwapo Rais mmoja tu duniani aliyejua maneno yanalala wapi, kwa kuwa ya kwake yalilala hapo. Watawala waliomtangulia walichoma vitabu, hasira za wajinga. Yeye alivilowesha. Magari ya maji yalisimama nje ya maktaba. Rejista za shule, daftari za zahanati, vitabu vya sala, vyote ndani ya mapipa. Na walimu wakasimamishwa foleni kuchuna. Hawakupata kitu. Walipata karatasi chakavu: matangazo ya minada, mitihani ya zamani, barua za watu waliokwisha kusahau walipendana. Na kadiri alivyokosa, ndivyo alivyoamini neno limefichwa vizuri zaidi. Mwenye njaa huota chakula. Aliyewahi kuficha huota maficho.

Wasemavyo watu, mwosha huoshwa. Nchi iliyoloweshwa ililegea gundi. Kona moja ikaachia, na nyingine, na nyingine. Askari wenyewe wakachoka kusimamia mapipa. Na asubuhi moja mwanga ukaingia kwanza.

Wengine waliimba. Nyumbani kwa mjalidi hawakuimba. Mama aliketi kwenye gunia la vipande vya karatasi, pale pale alipoketi Mwandishi na viatu vyake vya mikopo, akasema, "Sasa wataniambia." Kwa miaka sita alikuwa si mke wala si mjane. Mkeka wake wa kulalia ulikuwa na upande mmoja mpya. Walipokuja wanaume wa heshima kumposa alisema, "Ruhusa nitamwomba nani?" Walipokuja wanawake kumlilia alisema, "Mnamlilia nani? Mmemwona?" Mlango wa nyumba yake haukufungwa wala haukufunguliwa, ulikuwa umeegeshwa.

Iliundwa tume. Tume ilikuwa na meza, na birika la maji, na kijana mpole mwenye kalamu. Binti alimpeleka mama. Kijana alipekua, akapekua, akavua miwani.

"Faili za wakati ule nyingi zililowa, mama. Na shauri la mzee huyu..." Akashusha sauti. "La mzee huyu halikuwa na faili. Wanasema Mheshimiwa alilishika mwenyewe, kwa mkono wake. Yeye ndiye anayejua walimweka wapi. Yeye peke yake."

"Basi muulizeni."

"Tumemuuliza, mama. Anasema atajibu yote kwa maandishi."

Wiki haikupita, dada yake akaja karakana. Dada wa Mwandishi, dada wa Mheshimiwa, dada wa mfungwa. Mwanamke yule yule, mtu mmoja. Ndiye aliyekuwa akitoa kurasa gerezani enzi zile, zimeshonwa kwenye upindo wa nguo yake, akipeleka chakula, akirudi na maneno. Binti alimwita shangazi toka utotoni. Sasa alikuwa amezeeka, na upindo wa nguo yake ulikuwa mnene tena.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba." Akaketi bila kukaribishwa, maana hakuna aliyemkaribisha. Akaanza kufumua upindo kwa jino, taratibu, kurasa zikatoka moja moja. "Anaandika tena. Wanamnyang'anya kila anachoandika mchana, lakini hizi zimepita. Anasema wewe ndiye uliyebaki unayejua. Anasema umbandikie, kama zamani. Ulimwengu umsikie."

Binti alitazama kurasa. Mwandiko ule ule unaolala ubavu, uliomfundisha kusoma kuliko shule. Aliandika kuhusu mwanga unaoingia katika tundu la ukuta wa seli, unavyotembea sakafuni, unavyomkuta. Yalikuwa maneno mazuri. Mungu amsamehe, yalikuwa maneno mazuri sana, na kwa kitambo kidogo moyo wake ukaitika kama kipande cha jalada kinachogongwa. Akasoma yote. Njaa yake imo, baridi yake imo, usaliti wa rafiki zake umo. Baba hakuwamo. Hakuwamo hata mstarini, hata pembeni, hata kwenye vumbi.

"Shangazi, wewe ulimwambia nini, siku zile za Ikulu?"

"Nilimwambia mengi. Alikuwa amekwisha kuacha kusikia sauti za watu, anasikia majalada tu." Akajipangusa uso. "Ndugu ni ndugu, mwanangu. Awe kaa la moto, utamshika na upindo wa nguo. Nifanyeje?"

Binti hakugombana naye. Aliwasha jiko. Akakoroga. Akashona kitabu kidogo, kurasa thelathini tupu, saizi ya kiganja. Akachukua karatasi moja na penseli, akaandika kwa herufi za mtu aliyeishia shule ya msingi, kubwa, zilizosimama wima:

*Baba yangu mlimlaza wapi? Mama anataka kujua kama ni mke au mjane.*

Akailaza ndani ya jalada. Gundi ya unga. Uzi mwekundu.

"Mpelekee aandikie. Ataelewa."

Wakangoja. Mama alifagia ua mara mbili kwa siku, kama mtu anayetarajia mgeni. Mama Redio alipunguza sauti akipita. Kunja, shona, bana. Wiki ya kwanza. Kata, bandika. Wiki ya pili. Binti alikuwa na subira. Subira ndiyo shule aliyoimaliza.

Wiki ya tatu shangazi akarudi, na kile kitabu ameshika mkononi waziwazi, hata hakukishona nguoni. Kurasa thelathini zote zimejaa. Mwanga tena, na ukuta, na yeye mwenyewe. Binti hakuzisoma. Alitazama kona ya jalada: ilikuwa na alama, kibonyeo cha kidole gumba. Akajaza beseni maji, akakilaza kitabu ndani, akangoja na mama amesimama nyuma yake, mkono wa mama begani mwake, mzito.

Jalada lilifunguka upesi mno. Lilikuwa limefunguliwa kabla, na kubandikwa upya, pengine kwa uji wa gerezani. Karatasi yake ilikuwamo. Maneno yake yalikuwamo, makubwa, yamesimama wima. Na chini yake, mahali pa jibu, ilikuwapo nukta moja ya wino. Kalamu ilikuwa imewekwa pale. Ikakaa. Wino ukasambaa, ukawa ukubwa wa punje ya dengu, mtu akiwaza, mtu akiwa na neno, kisha ikanyanyuliwa.

Mtu yule aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, kwa mwanga, kwa kuta, kwa viatu vya mtu mwingine.

"Kasemaje?" mama aliuliza. Mama hajui kusoma. "Mwanangu, kasemaje?"

Yalikuwa yale yale maneno ya moto yaliyorudi kinywani, nyuma ya meno. Safari hii binti hakuyabeba siku tatu.

"Hajasema, mama," alisema. "Na liko lingine. Kitabu kile cha uzi mwekundu, cha siku ile, niliyempa bwana wa itifaki ni mimi. Baba hakukitoa. Nilikitoa mimi."

Mkono ulikuwa begani. Haukuondoka. Wala haukukaza. Ulikaa tu, kama kalamu ile, mzito, juu ya mahali pa jibu. Kisha mama akageuka, akaenda uani, na ikasikika sauti ya ufagio.

Binti akaitoa ile karatasi majini, akaianika dirishani. Akachukua nyingine, akaandika maneno yale yale, herufi kwa herufi. Akakoroga. Akashona kitabu kingine kidogo. Akalaza, akabandika, akabana.

Shangazi alikuwa bado ameketi kwenye gunia, kurasa za ndugu yake mapajani.

"Nikichukue?"

"Bado hakijakauka, shangazi."

Maneno mawili. Mepesi hivyo. Yalitoka bila kugonga jino.

Mwanga ulikuwa umefika mezani. Ulipita katika karatasi iliyoanikwa, na ile nukta ikaangusha kivuli kidogo juu ya maji ya beseni. Vumbi likaamka, likapanda, likazunguka. Lilitua juu ya jiliwa, juu ya uzi mwekundu, juu ya maji yaliyotulia, likafanya utando mwembamba, mweupe, kama ukurasa.

Shangazi akazinyoosha zile kurasa kwa kiganja, akazisogeza ukingoni mwa meza.

"Na hizi zake, mwanangu?" aliuliza, polepole. "Utambandikia?"

Uani, ufagio ulikuwa umenyamaza.